Mac au Windows? Kina mama wa Same wanunue ipi



Swali la safari hii limevuka bahari. Kuna kikundi cha kina mama wilayani Same, Upareni. Nusu yao wanakaa Kisiwani (ndiyo, Same nako kuna Kisiwani, chini ya milima upande wa hifadhi ya Mkomazi, na maji ya chumvi hawayajui), na nusu wako juu milimani, Mamba, kwenye tangawizi. Wamechangishana katika kikoba chao na sasa wanataka kununua kompyuta moja. Kazi zake ni mbili: kurekodi kaswida za watoto wa madrasa, na kuchora lebo za tangawizi ya unga ili iache kuuzwa kwenye vifuko visivyo na jina. Vijana wao wamegawanyika. Mmoja anasema bila Mac hakuna muziki. Mwingine anasema Mac ni pambo la watu wa mjini, chukua Windows. Kina mama wamesikiliza mpaka wamechoka, ndiyo wakatuletea sisi.

Sisi tunasema Windows, laptopu iliyotumika, ya aina ile ya maofisini. Na tunaeleza sababu, kwa kuwa fedha hii ni ya watu wengi na haitachangwa mara mbili.

Kwanza wajue kwamba ugomvi huu ni mkongwe kuliko vijana wenyewe. Mwaka 1985 ulikuwa kati ya kompyuta mbili za nyumbani, Amiga ya Commodore na Atari ST. Amiga ilikuwa bingwa wa picha. Siku ya kuzinduliwa kwake New York, Andy Warhol alikaa mbele ya watu akachora nayo picha ya mwimbaji Debbie Harry. Iliuzwa dola 1,295 bila skrini. Atari ilikuwa dola 799 pamoja na skrini isiyo na rangi, na kwa picha haikuifikia mwenzake. Lakini ilikuwa na matundu mawili ya MIDI, njia ambayo kinanda na kompyuta huzungumza. Kwa sababu ya matundu hayo studio nyingi za Ulaya ziliichukua, na wanamuziki wengine waliendelea nayo miaka mingi baada ya Atari kuacha kuitengeneza. Commodore nayo ilifilisika 1994.

Sisi huku hatukuonja hata utamu wa kubishana. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia, ila kwa kibali. (Visiwani tulikuwa tayari na televisheni yetu ya rangi. Ndugu zetu wa Bara walingoja mpaka 1994. Tuna haki ya kuwakumbusha kidogo.) Tunaitaja habari hii kwa sababu wale wanamuziki hawakuuliza ipi ni bora. Waliuliza ipi ina tundu la kazi yao.

Basi kazi ya kina mama wa Same inahitaji nini? Sauti za watoto, dufu, labda kinanda kidogo. Kaswida ya dakika 5 yenye njia 8 za sauti, ikirekodiwa kwa ubora mzuri wa biti 24, haifiki MB 350. Hilo si zigo la kutisha. Laptopu ya ofisini yenye ramu ya GB 16 na diski ya SSD inaimaliza bila kuhema. Na programu? Audacity ni ya bure na inafanya kazi kwenye Mac na Windows. FL Studio, ambayo vijana wa studio wanaijua kama jina la mama zao, ipo kwenye zote mbili. Logic Pro ndiyo haipo kwenye Windows, nayo kwenye Mac ni dola 199.99. Kwa hiyo yule anayesema bila Mac hakuna muziki, aseme bila Logic, kisha aeleze kaswida ya madrasa inaihitaji kwa lipi.

Linalotushughulisha zaidi ni umeme na fundi. Milimani umeme ukikatika, unarudi unapotaka wenyewe. Zipo laptopu za ofisini, kama ThinkPad T480 ya mwaka 2018, zenye betri mbili: moja ndani, nyingine unaichomoa nyuma kama ya redio na kuweka ya akiba bila kuzima mashine. Ramu inaongezwa kwa bisibisi, na diski vilevile. MacBook za miaka ya karibuni, ramu imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi: ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachozikwa nacho. Ikiharibika, fundi wa kuifungua utamfuata mbali, na nauli ya kushuka mlima, kwenda na kurudi mara mbili tatu, ni fedha ya tangawizi.

Tuwe wakweli lakini. Mac ina jambo moja ambalo Same lina uzito. MacBook Air ya M1, iliyotoka mwishoni mwa 2020, haina feni. Haivuti vumbi, na wakati wa kurekodi haivumi. Vumbi la tambarare ya Same tunalijua, linaingia hata ndani ya mtandio. Laptopu yenye feni itahitaji kusafishwa mara kwa mara, na wakati wa kurekodi ikae mbali na maiki. Kama kikundi kingekuwa na fedha mara mbili na kazi yote iko mjini, tungesita. Hakina, na haiko.

Sasa mtego, tena uko pande zote. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa kawaida inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8. Madukani zimejaa laptopu nzuri za kizazi cha 6 na cha 7, zimepigwa msasa, bei tamu. Kina mama, angalieni namba baada ya i5: ikianza na 8, kama 8250, sawa. Ikianza na 6 au 7, shukuruni na mwondoke. Na Mac za bei nafuu nyingi ni zile za Intel, ambazo Apple imeshatangaza kwamba macOS Tahoe ya 2025 ndiyo ya mwisho kwao.

Kuna jambo vijana hawakulitaja na sisi hatutalinyamazia. Muuzaji atawaambia, "nitawawekea programu zote bure." Maana yake ni kraki, programu iliyovunjwa kufuli. Mashine ya kurekodi kumsifu Mtume isianze kazi kwa mali ya wizi. Hilo ni la dini, na hata asiyejali dini ajue kwamba kraki ndiyo mlango wa virusi. Hawana haja nayo. Kwa sauti kuna Audacity. Kwa lebo kuna Inkscape na GIMP, za bure na halali. Wakikua, Reaper leseni ndogo ni dola 60.

Fedha isiishie yote kwenye laptopu. Maiki nzuri na kikasha cha kuiunganishia vitasikika kwenye kaswida kuliko prosesa yoyote. Chumba kiwe na mapazia, magodoro na blanketi ukutani, na mvua ikianza kupiga mabati, pumzikeni mnywe chai.

Kuhusu lebo tuseme moja tu: rangi ya skrini ni mwanga, ya karatasi ni wino. Ile njano kali ya tangawizi itafifia ikichapwa. Waombe nakala moja ya majaribio kabla ya kuchapa elfu.

La mwisho ni nani anaikalia. Tumeona vikundi vingi ambako kina mama wanachanga, kijana mmoja anaijua, siku akienda Dar anaondoka na neno la siri na nyimbo zote. Neno la siri liwe kwa mama wawili, mmoja wa Kisiwani na mmoja wa Mamba. Diski ya nje yenye nakala ya kila kazi ikae nyumba nyingine, si ile yenye laptopu. Na yule kijana, yeyote atakayechaguliwa, kabla ya kurekodi kaswida ya kwanza awafundishe mabinti watatu wa madrasa kuwasha, kurekodi na kuhifadhi. Posho yake alipwe wakishaweza.