Mto Ukihama na Ukingo



Mama zangu na ndugu zangu, wahenga walinena kuwa maji hufuata mkondo. Wakaao kandokando ya Mto Tana walijua na la pili: mkondo nao huhama, ukamhamisha na mwenye nyumba asiyetaka.

Siri imo katika udongo. Chembe za mfinyanzi hushikana, na maji huzing'oa kwa taabu. Chembe za mchanga hazishikani, hivyo huchukuliwa upesi. Kingo za Tana ya chini zimejengwa na mafuriko ya zama nyingi, tabaka juu ya tabaka. Penye mfinyanzi juu na mchanga chini, maji huula mchanga, ukingo ukabaki ukining'inia kama kipenu kisicho nguzo. Atazamaye kwa juu huuona mzima.

Wala hatari haiishi mafuriko yapunguapo. Udongo ulioloa huwa mzito, na maji ya mto yaliyokuwa yakiuegemeza yakishashuka, hukosa tegemeo ukaporomoka. Mama afuaye kando ya mto, na wanawe ubavuni, asidhani kuwa mto uliotulia umeusalimisha ukingo.

Vitazameni na vizingo. Upande wa nje maji huenda kasi yakala ukingo. Upande wa ndani huenda taratibu yakaacha mchanga. Kizingo huzidi kujipinda, hata siku moja mto hukata njia ya mkato, na mkondo wa kale ukabaki ziwa.

Mkono wa mwanadamu nao una athari. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belazoni kuuunganisha Tana na mto Ozi. Ulikuwa mwembamba, wa kupitisha mitumbwi. Udongo haukuweza kuyazuia maji. Yakaupanua mwaka baada ya mwaka, hata Tana ikahamia humo. Ndiyo sababu leo mto huo humwagika baharini Kipini.

Basi tufanyeje? Tusijenge upande wa nje wa kizingo. Tukiona nyufa zinazofuatana na mto, tuwaondoe watoto hapo mara moja. Tuteke maji penye mteremko, si juu ya genge, huku tukichunga mamba. Na miti ya ukingoni tusiifanye kuni wala makaa, kwani mizizi yake ndiyo ishikayo udongo usioweza kujishika.

Nyumba hujengwa kwa miaka. Ukingo huondoka kwa usiku mmoja.