Siku 21 za utetezi: kampuni humchaguaje wakili wa kusimamia shauri?

Sheria ya Mwenendo wa Madai humpa mdaiwa siku 21, tangu kupokea wito, kuwasilisha utetezi wake kwa maandishi. Kampuni nyingi huanza kutafuta wakili wa kujitegemea baada ya siku hizo kuanza kuhesabiwa, nazo huyeyuka katika vikao vya bodi na ulinganisho wa ada. Anayechelewa hujiweka katika hatari ya hukumu ya upande mmoja.

Ada ndilo swali la kwanza la wakurugenzi wengi, ingawa si lenye uzito zaidi. Leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka, na mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania huwezesha kuihakiki kwa dakika chache. Nyaraka zilizoandaliwa na asiye na leseni hai zinaweza kukataliwa. Mgongano wa maslahi nao uulizwe mapema, kabla wakili hajakabidhiwa siri za kampuni.

Uzito hasa uko katika uzoefu wa mahali shauri linaposikilizwa. Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu, iliyoanzishwa mwaka 1999, ina kanuni zake. Rufani za kodi huanzia Bodi ya Rufani za Kodi, na migogoro ya kazi huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Umahiri katika mashauri ya ardhi hausaidii sana huko.

Mfano ulio wazi ni mkandarasi anayedai malipo kwa shirika la umma. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, anayeshitaki shirika la umma, halmashauri au kampuni ambayo Serikali ina hisa nyingi hutakiwa kutoa notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wakili asiyezingatia hilo anaweza kushuhudia madai halali yakiondolewa kabla shahidi wa kwanza hajasikilizwa. Upande wa pili atakutana na Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, iliyoanzishwa mwaka 2018.

Kampuni zenye vitengo vya sheria huteua mawakili kabla mgogoro haujazuka. Mkataba hutaja ada kwa kila hatua, muda wa kutoa taarifa na, jambo linalosahauliwa mno, jina la wakili atakayesimama mahakamani. Bila kipengele hicho, kampuni hulipia jina kubwa la ofisi huku shauri likiendeshwa na wakili aliyekabidhiwa jalada jana yake.