Imani Katika Kazi Yetu

Siku ya Bwana twaenda Misa, twaimba, twapiga magoti. Ni vema sana. Lakini Jumatatu, tukishika kazi zetu, je, Ukristu wetu twauacha mlangoni pa kanisa?

Tumtazame ndugu yetu wa Goma, Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa mwaka 1981. Hakuwa padri wala mtawa. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani, na pamoja na jumuiya ya Sant'Egidio aliwatunza watoto wa barabarani. Siku moja aliahidiwa fedha ili apitishe vyakula vilivyooza. Akakataa, kwani aliona kwamba watu wangevila na kudhurika. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri, shahidi wa imani.

Jaribu lake lilimkuta kazini, penye karatasi na muhuri. Nasi tuna mahali petu pa namna hiyo. Mama auzaye unga, je, kipimo chake ni cha haki? Mwalimu, je, aongeza alama kwa ajili ya bahasha? Baba aletaye nyumbani fedha ya hongo, watoto wake wala jasho la nani?

Basi juma hili, kabla ya kupima au kutia sahihi, tumkumbuke kwanza yule atakayekula.