Leteni vitabu kwanza

Mwezi uliopita walimu wakimbizi tulitolewa kambini tukaletwa Kinindo, eti tufundishwe akili bandia. Mkufunzi akaiandikia mashine maneno machache, ikatoa somo zima la darasa la tatu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikasoma: “Kila mtoto afungue kitabu chake.” Kitabu kipi jamani? Darasani kwangu kitabu ni kimoja, na ninacho mimi.

Kisha tukaonyeshwa “habari” ya kambi iliyoandikwa na hiyo hiyo mashine. Wakimbizi wana matumaini, wakimbizi wanashukuru. Hakuna aliyekwenda kuwauliza. Sasa nani amesema?

Bujumbura hii inajua bei ya habari. Mei 2015 redio zilishambuliwa na kuharibiwa: RPA, Bonesha, Isanganiro. Waandishi wakaanzisha SOS Médias Burundi, wakaendelea kutoa habari kwenye mitandao. Julai 2016 Jean Bigirimana wa gazeti la Iwacu alipotea, na mpaka leo hajaonekana. Mashine haiwezi kupotea, maana haiendi popote. Hata ikikosea, hakuna wa kumwuliza.

Tena isidhaniwe kwamba inajifikiria yenyewe. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza habari za wafanyakazi wa Kenya waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa, kazi yao kusoma maandishi ya ukatili na uchafu ili ChatGPT ijifunze kuyakwepa. Ni watu kama sisi, ila majina yao hamtayaona kwenye semina.

Najua mtaniambia: mwalimu, watoto wamejaa darasani, ripoti inatakiwa kesho, acha tusaidiwe. Sawa, tusaidiwe. Mashine inyooshe Kifaransa changu, sikatai. Lakini somo niliandike mimi kwanza, mimi ninayejua nani amekuja bila kula na nani hasikii sikio moja. Mkimfundisha mwalimu kijana kuomba somo kwa mashine kabla hajajifunza kumtazama mtoto, hamjafundisha mwalimu.

Na nyie ndugu wa mashirika, kila ripoti juu yetu iseme nani alifika, siku gani, na aliongea na nani. Anayeogopa afichwe jina, lakini awe mtu kweli.

Semina ijayo tutakuja. Ila mashine itangulie na vitabu.