Haki za Anga na Ujirani

Tarehe 15 Januari, 2024, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 22 ndege za abiria za Kenya Airways hazitaruhusiwa kuruka kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Wapo walioharakisha kuuita uamuzi huo ugomvi wa majirani. Hawakusoma sababu. Kenya ilikuwa imeikatalia ndege ya mizigo ya Air Tanzania haki ya tano, yaani kupakia shehena Nairobi na kuipeleka nchi ya tatu. Na Tanzania ilieleza kwamba kukataa huko kulikiuka makubaliano ya Novemba 2016. Kabla ya tarehe 22 kufika, haki ilitolewa na zuio likaondolewa.

Hatua ile tunaiunga mkono. Hata hivyo, abiria wasiokuwamo katika mabishano ndio waliotiwa hofu, kama walivyosumbuliwa Agosti 2020 safari hizo ziliposimamishwa. Tangu East African Airways ilipovunjika mwaka 1977, kila kiwanja kina mlinzi wake, na kila mlinzi ana muhuri. Makubaliano ya muda hayakutosha. Wataalamu wa nchi hizi mbili hawana budi kuandika mkataba kamili, wenye kifungu kinachotaja siku ambazo ombi la ndege lazima liwe limejibiwa.