Gari Kuukuu Linalokula Oili: Tulipe Nzito au Nyepesi?

Mwezi huu tutoke kidogo jikoni, twende uani mahali gari linapolala. Wako watakaosema kuwa mambo ya injini ni ya akina baba. Lakini hapa kwetu Utemini akina mama wengi tunaendesha. Tunapeleka watoto shule, tunakwenda sokoni, tunabeba magunia ya alizeti, na usiku mtoto akishikwa na homa ni sisi tunaotafuta funguo. Gari likiharibika, hasara ni ya nyumba nzima.

Nyumbani kwetu tuna Corolla la mwaka 1996. Tulilinunua likiwa limekwisha tumika, na kwa miaka kadhaa halikutusumbua. Baadaye likaanza kutoa moshi wa buluu, na oili ikawa inapungua. Baba watoto anafanya kazi mbali na hurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo nililipeleka mwenyewe kwa fundi. Hakupima kitu. Alinisikiliza, akacheka, akasema, "Mama, weka oili nzito, namba 50. Huo moshi utausahau."

Nikaweka. Kweli moshi ukapungua, nami nikausahau, na oili yenyewe nikaisahau pia. Miezi miwili baadaye tulikuwa tunarudi kutoka msibani Shelui. Tukiwa katikati ya mlima wa Sekenke, watoto watatu wamelala kiti cha nyuma, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikasimama na kuzima injini papo hapo. Nilipochomoa kijiti cha kupimia oili, kilikuwa kikavu kabisa. Tulikaa pale mpaka giza likaingia, hadi dereva mmoja wa lori alipotusaidia lita mbili. Kwa rehema za Mungu injini ilipona.

Siku ile nilijifunza jambo ambalo nataka na wewe ulijue. Oili nzito kwa injini iliyochoka ni kama fimbo kwa mwenye mguu mbovu. Inamsaidia kutembea, lakini haimponyi mguu. Anayepewa fimbo bado anahitaji kupimwa, ajulikane anaumwa nini.

Namba zile zina maana gani?

Chukua chupa ya asali asubuhi ya mwezi wa Julai, wakati upepo wa Singida unavuma. Ukiiinamisha, asali inatoka taratibu. Iweke karibu na jiko, baada ya muda itamiminika kama maji. Oili nayo ni hivyo hivyo: baridi huifanya nzito, joto huifanya nyepesi.

Namba za kwenye kopo, kama 5W-30, 10W-40 au 20W-50, zinatueleza habari hiyo. Ziliwekwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani kiitwacho SAE, kilichoanzishwa mwaka 1905. Namba iliyo mbele ya herufi W huonyesha oili inavyokuwa kwenye baridi. Ikiwa ndogo, oili inatembea upesi zaidi injini inapowashwa. Namba ya mwisho huonyesha uzito wake injini ikiwa imepata moto, na hupimwa kwenye nyuzi 100 za joto. Namba hiyo ikiwa kubwa, oili inabaki nzito zaidi hata ikichemka. Hivyo oili ya 40 ni nzito kuliko ya 30, na ya 50 ni nzito kuliko ya 40.

Kwa upande wa baridi sisi hatuna hofu kubwa. Oili ya 20W hujaribiwa kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, na baridi ya namna hiyo Singida haijulikani. Hata hivyo, oili nzito huchelewa kidogo kufika juu ya injini asubuhi. Ukiwasha gari, lianze kwa upole, usilikanyage kwa nguvu dakika za kwanza.

Usidhani pia kwamba namba kubwa ni ubora mkubwa. Ubora unaonyeshwa na herufi, kama SL au SN. S ni kwa injini za petroli, C ni kwa za dizeli. Kwa petroli, herufi ya pili ikiwa mbele zaidi katika alfabeti, kiwango ni kipya zaidi. SL ilianza mwaka 2001 na SN mwaka 2010.

Kwanza jua oili inakwenda wapi

Kabla hujabadilisha oili, fanya uchunguzi wako mwenyewe. Hauhitaji fedha.

1. Tandika kipande cha boksi chini ya injini usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone, basi oili inavuja, na dawa yake ni gasketi au sili. Kubadilisha uzito wa oili hakuzibi tundu.

2. Tazama rangi ya moshi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli iliyozidi. Mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto, na maji ya rejeta yanapungua, ni maji yanayoingia ndani ya injini. Hilo mpelekee fundi siku hiyo hiyo.

3. Angalia moshi wa buluu unatoka wakati gani. Hapa mlima wetu wa Sekenke ni mwalimu mzuri. Ukiwa unateremka kuelekea Shelui bila kukanyaga mafuta, kisha ukakanyaga chini kabisa ukaona wingu la buluu, mara nyingi ni sili za valvu zilizokauka. Dalili yao nyingine ni moshi wa buluu asubuhi unapowasha, ambao huisha baada ya muda mfupi. Lakini ukipanda mlima na moshi unakufuata njia yote, shaka iwe kwenye ringi za pistoni.

4. Mwambie fundi atazame kivalvu kidogo ambacho injini hupumulia. Kikiziba kwa uchafu, oili husukumwa kwenda kuungua ingawa injini bado ni nzima. Ni kitu kidogo, na kukisafisha au kukibadilisha ni rahisi kuliko kufungua injini.

5. Pima kwa daftari. Gari liwe mahali tambarare na liwe limezimwa angalau dakika kumi. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe usome. Kwa magari mengi madogo, toka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita 1. Andika tarehe, kilomita za gari na kiasi ulichoongeza. Baada ya kilomita 1,000 utajua ukweli. Kwa makisio, kwenda Dodoma na kurudi ni karibu nusu ya umbali huo.

Sasa tuchague

Ikiwa gari linakula chini ya nusu lita kwa kilomita 1,000, usihangaike. Endelea na oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, pima kila wiki, na ubadilishe kwa wakati wake. Oili iliyokaa muda mrefu huacha masizi yanayogandisha ringi, na ringi zikiganda gari hula oili zaidi.

Ikiwa linakula kama lita 1, na ulikuwa unatumia 5W-30, panda ngazi moja: jaribu 10W-40. Oili nzito kidogo haipenyi upesi kwenye nafasi zilizolika, na kwa kawaida haipotei kwa mvuke kama ile nyepesi. Pima tena kilomita 1,000. Ukiona nafuu, kaa hapo. Usipoona, jaribu 15W-40 au 20W-50, nayo uipime vivyo hivyo. Usiruke ngazi zote kwa siku moja kama nilivyofanya mimi, maana hutajua kilichokusaidia.

Na nafuu hiyo ina gharama zake. Injini huzungusha oili nzito kwa taabu zaidi, kwa hiyo petroli huongezeka kidogo. Tena, kama gari lako ni la miaka ya karibuni, au injini yake imeandikwa VVT-i, usiongeze uzito bila kusoma kitabu chake. Injini hizo zina njia nyembamba za oili zinazoendesha valvu, na zinategemea oili ya uzito uliotajwa.

Ikiwa linakula zaidi ya lita 1 kwa kilomita 1,000, na kila mwezi linazidi, na plagi zinajaa masizi, hapo oili haitoshi. Mwombe fundi apime nguvu ya mgandamizo katika kila silinda. Ikiwa ndogo, atie kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi apime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, tazameni valvu au gasketi ya juu. Na kama mgandamizo ni mzuri lakini moshi upo, yawezekana ni sili za valvu tu. Kwa injini nyingi hizo hubadilishwa bila kufungua injini nzima. Mama, tofauti ya gharama hapo inaweza kuwa ada ya shule ya mtoto. Usikubali injini ifunguliwe kabla ya kipimo hicho.

Mambo ya kukataa

Usikubali kuchanganyiwa oili ya gia kwenye injini. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Usijaze oili kupita alama ya juu ukidhani unaweka akiba. Itapigwa itoke povu, na povu halilainishi chuma. Usinunue kopo ambalo kizibo chake kimekwisha funguliwa. Wala usisubiri taa nyekundu ikukumbushe kuongeza. Taa ile haipimi kiasi cha oili, inapima msukumo wake. Ikiwaka, injini iko hatarini tayari. Zima hapo hapo.

Oili chafu nayo usiimwage uani wala mtaroni. Maji ya mvua yataichukua, na sisi tuna maziwa yetu ya Singidani na Kindai. Ikusanye kwenye dumu lenye mfuniko, uipeleke gereji wanakokusanya, na watoto wasiichezee.

Liko na jambo moja la moyoni. Baada ya tukio la Sekenke baba watoto alifikiria tuliuze gari. Jirani akatushauri tulijaze oili nzito sana siku ya mnunuzi kuja, ili asione moshi. Usiku tuliongea sana, kwa sababu fedha tulizihitaji. Tukamwona mama mwingine, na watoto wake kiti cha nyuma, yuko mlimani na kijiti kikavu. Tukakubaliana: tukiuza, tutasema ukweli wote, la sivyo tulitengeneze.

Tulilipeleka kwa fundi mwingine, akapima mgandamizo. Ulikuwa mzuri. Zilikuwa ni sili za valvu. Tulizibadilisha, tukaacha namba 50, tukarudi kwenye 10W-40. Mwezi uliopita gari lilikula robo lita kwa kilomita 1,000. Daftari lake linakaa kabatini karibu na kopo la sukari, na kila Jumamosi asubuhi binti yetu wa darasa la sita ndiye anayechomoa kijiti na kuandika.

Jumamosi hii, kabla hujawasha gari, chomoa kijiti chako utazame. Ukikuta oili iko chini, ongeza, kisha uanze daftari lako. Tuonane mwezi ujao.