Makazi ya Wazee na Wenye Ulemavu: Msaada Uanzie Nyumbani Kwao

Kila mwaka, tarehe 1 Oktoba huadhimishwa Siku ya Wazee Duniani, na tarehe 3 Desemba huadhimishwa Siku ya Watu wenye Ulemavu. Katika siku hizo hotuba husomwa, na magunia ya mchele, sabuni na mablanketi hupelekwa kwa wasiojiweza. Hilo ni jambo jema wala halistahili kubezwa. Lakini mchele huisha katika majuma machache, na mzee aliyeupokea hurudi chini ya paa lile lile linalovuja. Swali linalohitaji jibu ni moja: Je, msaada wa Serikali unaifikia nyumba ya mtu huyo, au unaishia kwenye ua la sherehe?

Msingi wa wajibu huu si mpya. Azimio la Arusha la 1967 lilipokataza unyonyaji liliwataja waziwazi wale ambao ni haki yao kutegemea jasho la wenzao: watoto wadogo, wazee na wengine wasiojiweza. Mwaka 1982 Bunge lilitunga sheria mbili, moja ya ajira na nyingine ya matunzo ya watu wenye ulemavu. Baadaye ikaja Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, kisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 iliyochukua nafasi ya zile mbili. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao unazitaka nchi wanachama kuwahakikishia watu hao nafasi katika mipango ya nyumba za umma. Kwa hiyo maandishi yapo. Kilichobaki ni utekelezaji.

Kwa miaka mingi neno "makazi ya wazee" limekuwa na maana ya vituo vinavyoendeshwa na Serikali, kama vile Nunge katika Dar es Salaam, Fungafunga mkoani Morogoro, Kolandoto mkoani Shinyanga, Bukumbi mkoani Mwanza na Ipuli mkoani Tabora. Baadhi ya vituo vya aina hiyo vilianza vikiwa kambi za wagonjwa wa ukoma. Huko Zanzibar nako kuna makazi ya Sebleni na Welezo. Vituo hivi ni vya lazima kwa mtu asiye na ndugu wala pa kulala, na hapana budi vitunzwe vizuri. Hata hivyo Sera ya 2003 yenyewe ilieleza kwamba kumweka mzee kituoni kuwe hatua ya mwisho, baada ya njia nyingine zote kushindikana. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,507,568 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Hakuna idadi ya vituo inayoweza kuwapokea watu hao, na wengi wao hawataki kupokewa huko. Mzee anataka kubaki karibu na makaburi ya wazazi wake, na majirani wanaolifahamu jina lake, na mti alioupanda kwa mkono wake.

Tatizo ni kwamba nyumba anayotaka kubaki nayo inamshinda. Nyumba ya udongo hutaka kukandikwa upya kila kiangazi. Paa la nyasi hutaka kuezekwa upya, na kazi hiyo ina watu wake: wa kukata nyasi, wa kubeba na wa kupanda juu. Vijana wanapokuwa wamekwenda mjini kutafuta riziki, bibi wa miaka 75 hana wa kumfanyia kazi hiyo. Mvua za masika zikinyesha ukuta mmoja huanguka. Mwaka unaofuata huanguka wa pili, na hapo ndipo watu husema kwamba bibi "hajiwezi" na apelekwe kituoni. Lakini nguvu zake hazikuporomoka ghafula. Kilichoporomoka ni ukuta, na ukuta ungeweza kutengenezwa.

Choo nacho kina habari yake. Choo cha shimo kimejengwa kwa mtu mwenye magoti mazima. Mzee mwenye maumivu ya viungo hawezi kuchutama, na akichutama hawezi kuinuka. Mtu asiye na nguvu za miguu hulazimika kutambaa juu ya sakafu yenye majimaji, kwa mikono ile ile atakayolia chakula. Asiyeona hukitafuta choo usiku bila kitu cha kumwongoza. Jiko lisilo na mahali pa kutokea moshi nalo lina hatari kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wako akina mama wazee ambao macho yao yalikuwa mekundu kwa sababu ya kupikia samadi na kuni kwa miaka mingi ndani ya nyumba zilizofungika. Wekundu huo wakauita watu alama ya uchawi, na wazee hao wakauawa. Ujinga ndio uliowaua, lakini ujinga huo ulipata kisingizio kutokana na jiko bovu.

Dawa ya mambo haya si ghali kama wengi wanavyodhani. Kiti cha matofali na saruji juu ya tundu la choo ni kazi ya fundi wa kijijini ya siku moja au mbili. Vishikio viwili vya mbao ukutani humwezesha mzee kuinuka bila kusaidiwa. Kamba iliyofungwa kutoka mlangoni hadi chooni humwongoza asiyeona. Ngazi hubadilishwa ikawa mteremko ambao kila sentimita 1 ya kupanda ina sentimita 12 za urefu, ili kiti cha magurudumu kipite bila kusukumwa kwa nguvu nyingi. Mlango wa upana wa sentimita 90 humtosha mwenye kiti hicho. Nyumba mpya ikijengwa hivyo tangu msingi, tofauti ya gharama ni ndogo. Ikijengwa vingine, hapo ndipo kubomoa na kujenga upya kunapokula fedha.

Wako wanaosema kwamba kumtunza mzee ni wajibu wa watoto wake, na Serikali ikiingia itaua mila njema ya Kiafrika. Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini inatumika vibaya. Mtoto anayeishi kwa kibarua mjini anaweza kutuma fedha ya unga. Si rahisi atume mabati ishirini. Isitoshe, wako wazee waliobaki na wajukuu yatima, na hao ndio walezi, si walelewa. Serikali inaposaidia paa haiinyang'anyi familia wajibu wake, huiwezesha kuutimiza. Wengine husema fedha hazipo. Lakini halmashauri hujenga kila mwaka, na fedha za umma hutumika kila mwaka. Kinachotakiwa kwanza ni utaratibu wa kuzitumia kwa kumkumbuka asiyejiweza.

Utaratibu huo unaweza kuwa mwepesi. Balozi wa shina anazijua nyumba zake zote, na anajua ni ipi inayovuja. Majina yatoke kwake, yapitiwe na ofisa ustawi wa jamii na mtendaji, kisha yasomwe hadharani katika mkutano mkuu wa kijiji, ili mjomba wa kiongozi asipewe mabati ya mjane. Halmashauri itoe vitu vya dukani: mabati, saruji, misumari, na ujira wa fundi. Wananchi watoe mchanga, mawe, maji na nguvu zao kwa msaragambo, kama walivyojenga madarasa na zahanati. Mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanza 2012 umekwisha kuonyesha kwamba inawezekana kuwatambua maskini kijiji kwa kijiji na kuwapa kazi za ujira wa muda. Watu waliochimba malambo kwa utaratibu huo hawatashindwa kuezeka nyumba ya jirani yao.

Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo, na katika hiyo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Huo ni mpango mzuri, lakini mkopo wa biashara haumfai mtu asiyeweza kuvuka kizingiti cha mlango wake. Kizingiti kikiondolewa, mkopo utapata mtu wa kuutumia. Vivyo hivyo Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, ilimwondolea aibu ya kuomba chumvi. Lakini pensheni ya kiasi hicho haiezeki nyumba. Fedha ya chakula na msaada wa makazi ni mambo mawili yanayokwenda pamoja, wala moja halichukui nafasi ya jingine.

Watumishi wa umma wana sehemu yao. Mhandisi anayepitisha michoro ya nyumba za umma anao uwezo wa kuurudisha mchoro usio na mteremko. Ofisa anayegawa nyumba katika majengo ya ghorofa anaweza kuhakikisha kwamba zile za chini wanapewa kwanza wazee na wenye ulemavu. Ofisa ardhi anao wajibu wa kuwaeleza wanakijiji kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke au mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi, kwani hakuna faida ya kumwezekea mjane nyumba ambayo shemeji zake watamfukuza kesho. Mwalimu naye ndiye wa kwanza kujua ni mwanafunzi gani anachelewa shuleni kwa sababu anamhudumia bibi yake asiyeweza kwenda chooni peke yake. Habari hiyo isiishie katika daftari la mahudhurio. Ifike kwa mtendaji.

Mtumishi wa Serikali hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Siku hiyo naye ataingia katika hesabu ya wazee, na magoti yake hayatauliza alikuwa na cheo gani. Mchoro anaoupitisha leo na orodha anayoiweka kando leo vitamhusu yeye mwenyewe. Kwa hiyo bajeti ijayo ya kila halmashauri iwe na fungu la kutengeneza nyumba za wasiojiweza, hata likiwa dogo, na taarifa ya utekelezaji itaje idadi ya mapaa yaliyoezekwa, vyoo vilivyorekebishwa na milango iliyopanuliwa. Kwa hesabu hiyo ndipo wananchi watakapojua kama sera na sheria zao zimefika nyumbani.